Konokono wamejaa tangini: namna ya kuwapunguza bila kuua samaki

Mpwa wangu anaishi Mikindani. Mwezi wa kumi na moja, korosho zikiwa zimepamba moto, alinipigia simu usiku. "Shikamoo mjomba. Hawa konokono sasa ni wengi kuliko samaki. Kesho nanunua mrututu niwamalize." Nikamwomba asinunue kitu chochote mpaka nifike mwenyewe.

Nilikuwa na sababu. Tangi langu la kwanza, hapa Ligula, Mtwara, nililitia mrututu, ile dawa yenye shaba, kwa ushauri wa muuzaji mmoja wa pembejeo. Konokono walikufa kweli, karibu wote, ndani ya siku mbili. Asubuhi ya siku ya tatu nikakuta gapi 17, wale samaki wadogo wa mapambo, wanaelea, maji yana ukungu mweupe, na sebule nzima inanuka uvundo. Nimeandika mwongozo huu ili jambo hilo lisimpate mtu mwingine. Ni yale tuliyoyafanya kwenye tangi la mpwa wangu la lita 60, kwa mpangilio tulioufuata, na pale tulipoacha jambo nitaeleza kwa nini tuliliacha.

Wametoka wapi, na kwa nini wamejaa

Konokono huingia tangini na mimea. Mara nyingi hutamwona konokono mwenyewe. Utaleta jani lenye tone la ute chini yake, mfano wa tone la jeli lenye vitone vyeupe ndani, na hayo ndiyo mayai. Katika maji ya joto la hapa kwetu, nyuzi 26 hadi 29, mayai huanguliwa ndani ya wiki moja hivi, na baada ya wiki sita au nane watoto nao wanataga. Wengi wa konokono hawa kila mmoja ana jinsi zote mbili, hivyo mmoja peke yake anatosha kuanzisha ukoo.

Lakini kuingia ni jambo moja na kujaa ni jambo jingine. Konokono hula chakula cha samaki kilichozama, majani yaliyooza, kinyesi na ule mwani wa kijani unaoota kiooni. Wakiwa 10, chakula kipo cha 10. Wakiwa 300, ujue tangi lako lina akiba ya kulisha 300. Ukiwaua hao 300 leo na akiba ukaiacha palepale, mayai yaliyobaki yatakurudishia 300 wengine kabla miezi mitatu haijaisha. Kwa hiyo kazi ya kweli ni kufunga ghala. Mitego na kuokota kwa mkono ni msaada tu wa kuharakisha.

Nilipofika Mikindani nilikaa kimya nikatazama jinsi samaki wanavyolishwa. Mpwa alikuwa shambani Newala kwa wiki mbili akisimamia uokotaji, akawaachia watoto wa nyumba kazi ya kulisha. Kila mtoto alilisha kwa zamu yake, na hakuna aliyejua mwenzake keshalisha. Juu ya hapo kulikuwa na makombo ya mkate. Jibu lilikuwa limelala chini kwenye changarawe, unene wa kidole.

Mjue uliye naye

Chukua kioo cha kukuzia au kamera ya simu. Mshike konokono kwa kibano, ncha ya gamba ikiwa juu na mdomo wa gamba ukiwa unakutazama.

Mdomo ukiwa upande wako wa kushoto, huyo ni wa jamii ya Physa au Bulinus. Ukiwa upande wa kulia na gamba ni jembamba la rangi ya udongo, huyo ni Lymnaea, na huyu mwisho wake hutafuna hata majani mazima ya mimea laini. Gamba likiwa limejikunja bapa kama kamba iliyoviringwa, yuko kwenye kundi la akina Biomphalaria na ndugu zao wa madukani, ambao wengine ni wekundu wa kupendeza. Gamba likiwa refu lililochongoka kama pia nyembamba, na mchana humwoni kwa kuwa amejichimbia kwenye changarawe, huyo ni Melanoides. Huyu hatagi mayai, anazaa watoto kamili, na jike huzaa bila dume. Ana pia kifuniko kigumu anachofungia mlango wa gamba, na kifuniko hicho kitatusumbua baadaye.

Ukiwaona Melanoides wengi wamepanda kioo mchana kweupe, usihangaike na mitego siku hiyo. Badilisha maji kwanza. Wametoka mchangani kwa sababu huko chini hewa imekwisha au uchafu umezidi, na samaki wako nao wanateseka.

Kama mimea ilitoka bwawani au mtoni, soma hapa kabla ya kutia mkono

Sehemu hii miongozo mingi ya ufugaji wa samaki wa mapambo haina, maana imeandikwa na watu wa nchi zisizo na kichocho. Sisi wa Mtwara na Lindi tunacho. Kichocho cha mkojo kipo katika mikoa yetu, na konokono anayekibeba ni Bulinus, yule yule ambaye mdomo wa gamba lake uko kushoto kama wa Physa. Mtu wa kawaida nyumbani hawezi kuwatofautisha kwa uhakika. Kwa hiyo kama yungiyungi au magugu yako uliyachota Kitere, Rutamba, kingo za Ruvuma au dimbwi lolote ambalo watu huoga na kufua, mchukulie kila konokono wa mdomo wa kushoto kuwa ni Bulinus.

Usitishike, elewa tu mzunguko wake. Konokono hazaliwi na kichocho. Anakipata pale mkojo wa mgonjwa unapoingia majini, mayai ya minyoo yakaanguliwa, na kile kidudu kinachotoka kikapenya mwilini mwa konokono. Baada ya wiki kadhaa konokono huyo huanza kutoa viluwiluwi vidogo visivyoonekana kwa macho, hasa wakati wa mwanga wa mchana, na hivyo ndivyo vinavyopenya ngozi ya mtu aliyetia mkono au mguu majini. Kiluwiluwi kisipompata mtu hufa ndani ya siku mbili hivi.

Hapo unapata mambo matatu ya kufanya. Konokono aliyeanguliwa ndani ya tangi lako ni salama kwa kichocho, kwa kuwa hakuna mkojo uliomfikia. Wa kuogopwa ni yule mkubwa aliyekuja na mmea kutoka bwawani, kwa hiyo mimea ya porini usiitie moja kwa moja tangini. Iweke kwenye ndoo, watoe konokono wote wanaoonekana kwa kijiko au kibano, si kwa vidole, mwaga maji yale kwenye mchanga mkavu mbali na maji mengine, tia maji mapya, kisha rudia ukaguzi kesho yake. Maji yaliyokaa siku mbili bila konokono yeyote ndani hayana tena kiluwiluwi hai. Na kama uliwahi kutia mkono kabla ya kujua haya, au mtoto wa nyumbani anaona damu kwenye mkojo, nenda zahanati ukapimwe. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, na kichocho kinatibika.

Jambo jingine dogo linalohusu afya: unapovuta maji ya tangi kwa mpira, usinyonye kwa mdomo. Jaza mpira maji ya bomba, ziba ncha zote mbili kwa vidole, zamisha ncha moja tangini na nyingine ielekeze kwenye ndoo iliyo chini, kisha achia. Maji yatashuka yenyewe.

Hatua ya kwanza: funga ghala

Siku ya kwanza usilishe kabisa, na siku ya pili vilevile. Samaki wakubwa wenye afya hawadhuriki na siku mbili za njaa, huko kwenye maji ya asili hukaa hata zaidi. Kama una watoto wa samaki wa siku chache, watenge kwenye chombo chao uwalishe humo, maana wao hawavumilii.

Siku ya tatu anza kulisha upya kwa kipimo. Tia chakula kidogo, hesabu dakika mbili kwa saa ya simu, uangalie. Kilichobaki kinaelea au kimezama baada ya dakika mbili ndicho ulichozidisha, kitoe kwa wavu na kesho upunguze. Kwa gapi 20 wa mpwa wangu kipimo kilikuja kuwa kile kinachobanwa na ncha za vidole viwili, mara moja asubuhi na mara moja jioni. Zamani walikuwa wanapata kijiko cha chai.

Vyakula vya kuacha: mkate, ugali, wali, na dagaa waliosagwa nyumbani. Dagaa si wabaya kwa lishe, lakini unga wake husambaa majini na kuzama kabla samaki hawajaumaliza. Kama unatumia tembe za samaki wa bwawani kwa sababu ndizo unazozipata kwa urahisi, zisage ziwe saizi ya mdomo wa samaki wako na uzitie kidogo kidogo.

Ijumaa, au siku yoyote uipendayo, iwe siku ya kufunga kwa tangi zima.

Halafu mpe mtu mmoja tu kazi ya kulisha. Ukisafiri, gawa chakula cha kila siku kwenye vikaratasi, kimoja kwa siku, mkunjo mmoja mmoja, na pakiti kubwa uifungie kabatini. Tulifanya hivyo Mikindani, na nadhani hivyo vikaratasi vilifanya kazi kubwa kuliko mtego wowote.

Hatua ya pili: toa uchafu wa chini

Kata chupa ya plastiki ya nusu lita uache sehemu ya shingo, ifunge kwenye ncha ya mpira, upate faneli ya kunyonyea. Izamishe kwenye changarawe, uchafu utapanda na maji, changarawe itarudi chini kwa uzito wake. Konokono wadogo watatoka pia. Toa robo ya maji, si zaidi, kisha siku nne baadaye toa robo nyingine. Baada ya hapo mara moja kwa wiki inatosha.

Maji ya kurudishia yakae kwenye ndoo iliyo wazi usiku na mchana mmoja ili klorini iondoke. Sponji ya chujio isuguliwe kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, kamwe usiioshe kwa maji ya bomba, kwa sababu ndani yake wanaishi bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokanayo na kinyesi na uozo, kuwa kitu kisichoua samaki, na klorini inawamaliza. Majani ya mimea yaliyogeuka manjano au kuoza yakate yote.

Taa ya tangi iwake kwa muda wa saa sita hadi nane tu kwa siku. Ikiwaka toka alfajiri mpaka usiku wa manane, au tangi likiwa dirishani linapigwa na jua la asubuhi, unaotesha mwani, na mwani ni malisho.

Hatua ya tatu: mtego wa usiku

Konokono hutembea gizani. Saa mbili usiku, baada ya kuzima taa, weka chambo. Kipande cha tango cha unene wa sentimita moja, kilichochomwa na uma wa chuma cha pua ili kizame, ndicho kilichotushikia wengi kuliko vyote. Jani la kabichi, mchicha, au mboga ya maboga pia linafaa, ila lichovye kwanza kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja lilegee na lizame. Osha vizuri, maana mboga za sokoni hupuliziwa dawa. Kisamvu usitumie, majani mabichi ya muhogo yana sumu.

Amka kabla ya kuwasha taa. Saa kumi na moja alfajiri, kabla au baada ya swala, toa uma wako polepole pamoja na tango na konokono walioshikamana nalo. Ukichelewa mpaka saa mbili asubuhi utakuta wengi wameshateremka, na tango limeanza kuoza likichafua maji.

Kama samaki wako wanalila tango usiku, tengeneza mtego wa chupa. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, kata pale bega linapoanza, geuza sehemu ya juu uisukume ndani mdomo ukiangalia ndani, tia kipande cha tango na kokoto mbili za uzito. Toboa matundu kwa msumari wa moto maji yapite. Mdomo wa chupa ni mpana kiasi kwamba gapi mdogo anaweza kuingia akanasa, kwa hiyo ubane kwa kuyeyusha plastiki kidogo, uache nafasi ya konokono tu.

Usiku wa kwanza Mikindani tango lilitoa konokono wa kujaza kikombe cha kahawa. Usiku wa pili karibu vilevile. Wiki ya pili wakawa nusu ya hapo, na wiki ya nne tulihesabu wanane. Fanya kila usiku kwa siku 10, halafu usiku mmoja katika kila siku tatu. Ukiacha baada ya siku nne kwa kuwa umeridhika, vifaranga wa mayai yaliyokwishatagwa watakua na utaanza moja.

Kwa Melanoides mtego wa tango hufanya kazi lakini polepole, kwa sababu wengi hubaki mchangani. Kwao faneli ya hatua ya pili ndiyo silaha. Piga changarawe sehemu moja kwa kina kila wiki, wiki ijayo sehemu nyingine.

Mayai yaliyoganda kiooni yakwangue kwa kadi ngumu ya plastiki iliyokwisha muda wake. Kioo halisi kinastahimili wembe, tangi la plastiki litachubuka. Usiyaachie yadondoke chini, shika mpira wako wa kunyonya karibu yaingie humo.

Matumbawe na makombe

Hii ni tabia ya watu wa pwani, na mimi naipenda kwa macho: vipande vya matumbawe, simbi na makombe kutoka ufukweni, vimepangwa tangini juu ya mchanga mweupe wa bahari. Shida ni kwamba vyote hivyo ni chokaa. Katika maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, vinayeyuka taratibu, maji yanakuwa magumu, na konokono anapata chokaa ya kujengea gamba bila kikomo. Maji hayo hayo yanapanda pia kuelekea ubesi, yaani kinyume cha uasidi, na amonia ndani ya maji ya aina hiyo, hasa yakiwa ya joto, ni sumu kali zaidi kwa samaki. Gapi na moli wanapenda maji magumu kiasi, kwa hiyo sikumwambia mpwa avitoe vyote. Tulibakisha kipande kimoja cha kupendezesha, vingine tukavirudisha ufukweni. Ukitaka mawe, tumia ya mtoni yaliyooshwa na kumwagiwa maji yanayochemka.

Kwa nini sishauri dawa

Turudi kwenye mrututu. Shaba iliyomo inaua konokono, hilo si uongo. Inaua pia kamba wadogo wa tangini, na ikizidi inaua samaki. Hujikita kwenye changarawe na kuendelea kutoka kidogo kidogo baada ya wewe kudhani yameisha. Lakini kilichoua gapi wangu zaidi, ninavyoelewa sasa, ni maiti za konokono. Mamia ya konokono wakifa pamoja ndani ya magamba yao huoza, amonia inapanda, na bakteria wanaoozesha wanakula hewa ya majini. Maji ya nyuzi 20 hubeba takribani miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30, kama yanavyofika sebuleni kwetu mwezi wa kumi na mbili, hubeba takribani 7.5 tu. Umeme ukikatika usiku huo pampu ikasimama, samaki hawana pa kukimbilia.

Watu wa huku wana dawa zao nyingine, nazo nataka kuzitaja moja moja kwa sababu nimeulizwa.

Maganda ya korosho: ile mafuta nyeusi ndani ya ganda ina asidi ambayo watafiti walishaona inaua konokono wa kichocho. Ni kweli. Ni mafuta hayo hayo yanayobabua mikono ya wabanguaji, na sidhani kuna samaki wa mapambo atakayeyaogelea salama. Yasikaribie tangi.

Utupa: wazee walitwanga majani yake wakayatia mtoni ili samaki walewe na kuelea. Ukiutia tangini utavuna samaki, si konokono.

Chumvi: tuna mashamba ya chumvi pwani yote hii, kwa hiyo ni rahisi kuifikiria. Kiasi kinachotosha kuua konokono wote kitaua mimea yako na samaki wengi wa maji baridi kabla yao. Melanoides ndiyo kabisa hawajali, huishi hata kwenye maji ya chumvi kidogo.

Ndoo au bomba la kupulizia lililowahi kubeba dawa ya mikorosho, iwe salfa au kiuatilifu cha maji, lisitumike kwa maji ya samaki hata ukiliosha mara kumi. Nunua ndoo mpya, iandike "samaki" kwa rangi, isiguswe kwa kazi nyingine.

Samaki wanaokula konokono

Wapo. Katika Ziwa Viktoria kuna Astatoreochromis alluaudi, mwenye mataya mapana kooni ya kuvunjia magamba, aliyewahi kujaribiwa kwenye mabwawa ili kupunguza konokono wa kichocho. Ziwa Nyasa lina Trematocranus placodon mwenye kazi kama hiyo. Hawa si wa kuweka pamoja na gapi, ni wakubwa na wakali.

Kambale anakula konokono, na akikua kidogo anakula kila kilichomo tangini. Bunju wa maji baridi wa madukani hupenda konokono kuliko chakula chochote, lakini hukata mapezi ya wenzake. Bunju wa bahari yetu haishi kwenye maji baridi, na tena ana sumu, basi asifikiriwe. Wale loachi wenye mistari wanaouzwa Dar es Salaam wakiwa wa ukubwa wa kidole hukua kufikia sentimita 30 na wanataka wakae kundi. Tangi la lita 60 ni jela kwao. Kununua kiumbe ili akufanyie kazi ya mwezi mmoja, kisha ukamtesa miaka 10, mimi nimekataa.

Mimea mipya isilete wengine

Kila mmea mpya, hata wa dukani, upite kwenye ndoo kwanza. Mimi nafanya hivi. Nunua shabu kwa wauza viungo na dawa za asili sokoni, isage, koroga vijiko vikubwa viwili kwenye lita 4 za maji, zamisha mmea kwa saa tatu, suuza vizuri. Mmea wenye majani magumu unaweza kulala humo usiku kucha.

Wengine hutumia jiki: sehemu moja ya jiki kwa sehemu 20 za maji, dakika mbili kwa majani magumu, dakika moja na nusu kwa laini, halafu kusuuza mara tatu na kuloweka kwenye maji yaliyokaa mpaka harufu iishe kabisa. Inafaa, lakini ukisahau dakika tu majani yanageuka kioo na kuoza. Jiki yenye manukato usiitumie.

Baada ya dawa yoyote kati ya hizo, mmea ukae kwenye ndoo yenye mwanga kwa wiki tatu bila samaki. Yai lililonusurika litaanguliwa humo, utamwona konokono kwenye ukuta wa ndoo, utamtoa. Wiki tatu zinachosha, najua. Kama huna subira nazo, shabu peke yake itapunguza hatari lakini haitaimaliza.

Ukiamua kuanza upya kabisa

Nimelifanya mara moja, kwa tangi lililojaa Melanoides na mimea ya bwawani kwa pamoja. Samaki walihamia kwenye ndoo ya lita 20 yenye pampu ya hewa na sponji ya chujio lao la zamani. Mimea yote niliitupa. Changarawe niliimwagia maji yanayochemka kwenye karai, nikaiacha ipoe, nikarudia, ndipo nikaianika juani juu ya bati. Usitegemee jua peke yake: Melanoides hufunga kifuniko chake na kusubiri, na Bulinus anaweza kulala kwenye tope kavu kwa miezi akasubiri mvua. Ndiyo maana dimbwi lililokauka Oktoba lina konokono tena Januari. Maji ya moto hayasubiriwi na yeyote. Mawe usiyatie jikoni yachemke, mengine hupasuka, yamwagie tu.

Kioo kisuguliwe kwa jiki iliyochanganywa, kisuuzwe, kikauke siku mbili.

Unawatupa wapi

Usiwamwage mtaroni, kisimani wala bwawani, hata kama ni wa dukani. Wa dukani ni wageni kwenye maji yetu na wakizoea hawaondoki, na wa bwawani unaweza kuwa unawasambazia majirani mbebaji wa kichocho. Wamwagie maji yanayochemka kwenye kopo, wapoe, kisha waponde uwape kuku au bata. Bata wa jirani yangu siku hizi wananijua kwa sauti. Nawa mikono kwa sabuni.

Tangi la Mikindani nililiona tena mwishoni mwa Januari. Kwenye kioo cha mbele nilihesabu konokono watano wa jamii ya Physa na sikuona yai. Nilimuuliza mpwa kama anataka tuwamalize na hao. Akasema waache, wanalamba mwani pale chini ya chujio ambapo mkono wake haufiki. Kila Ijumaa jioni anawahesabu. Wakizidi 20 anaweka tango usiku ule, na Jumamosi anawauliza watoto nani amelisha mara mbili.